Chumvi Kwenye Kiwanja cha Ndege

Sokoni Tarime kuna mama mmoja muuza maharage ambaye kila akijaza debe huligonga ubavuni kwa kijiti ili punje zishuke zikae sawa. Ko, ko, ko. Ni mtu mwaminifu na maharage yake hayana mawe, lakini mimi hununua kwa jirani yake. Mlio ule ukinikuta sijajiandaa, viganja hulowa jasho na masikio huniambia kwamba nyuma yangu kuna kwato. Nina watoto wawili wako shuleni, na bado nageuka kutazama. Sababu yake sijawahi kuiandika popote. Sasa baba amezikwa, na mama amesema naweza kuwaambia.

Tuliishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Serengeti, ng'ambo ya mto. Kiangazi tulikuwa watu kama watu wengine: unavuka daraja la magogo, unapanda pikipiki, unafika Mugumu kabla jua halijakuwa kali. Mvua zikianza, mto ulipanda, daraja likaenda na maji, nasi tukabaki kisiwa. Hakuna gari, hakuna sabuni dukani, hakuna mwalimu aliyekwenda likizo akarudi kwa wakati. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali alisubiri maji yashuke, na wako ambao hawakuweza kusubiri. Ndiyo maana sisi tulipata kiwanja cha ndege miaka mingi kabla ya kupata umeme.

Msije mkafikiria majengo. Kiwanja chetu kilikuwa uwanda mrefu wa majani mafupi, wenye mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili, benchi moja, kibanda cha bati, na nguzo yenye mfuko wa upepo ambao baba aliushona mwenyewe kwa mfuko wa mbolea. Kulikuwa pia na mizani ya pamba, kwa sababu ndege ilikuwa ndogo na rubani alitaka kujua uzito wa kila anayepanda. Wanawake wa kijiji waliichukia mizani ile. Nilimwona mama mmoja mgonjwa wa tumbo, hajiwezi, akivua viatu kwanza ndipo akubali kupimwa.

Baba yangu, Marwa, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kiwanja. Alizaliwa Susuni akahamia huku kwa ajili ya malisho, na kazi hiyo aliipata kwa sababu nyumba yetu ndiyo ilikuwa karibu. Alipewa koti la njano linalong'aa, ambalo alilivaa hata siku zisizo na ndege. Masanja, Msukuma aliyekuja kuchimba dhahabu upande wa Genkuru, akakosa, akaishia kijijini kwetu akiziba pancha za baiskeli, alimwita Mkurugenzi. Baba alijifanya hapendi.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Ndege za madaktari zilikuja mara moja kwa wiki kadhaa, au zikiitwa. Nesi wa zahanati akipigiwa simu kwamba ndege imeondoka Mwanza, baba alipanda baiskeli akapita kiwanja chote, akifukuza mbuzi, ng'ombe, na wakati mwingine pundamilia waliotoroka hifadhini. Kisha alisimama katikati na vitambaa viwili. Chekundu maana yake usitue. Cheupe maana yake karibu. Rubani alizunguka juu mara tatu, na kama mara ya tatu bado ni chekundu, aligeuza akarudi alikotoka. Hakukuwa na mzunguko wa nne, kwa sababu mafuta yalikuwa ya kuhesabu.

Nyumbani kwetu kulikuwa na amri moja kubwa kuliko zote. Hakuna kwato kukanyaga kiwanja. Baba alisema ndege ikimgonga ng'ombe mmoja, watu wote waliomo wanakufa, na ng'ombe naye. Alipofika kwenye ng'ombe sauti yake ilishuka zaidi, kama Mkurya yeyote.

Mimi nilichunga ndama. Kaka zangu wakubwa walikwenda mbali na kundi, na Gati, yaani mimi, wa miaka tisa, nikaachiwa ndama saba kuwapeleka bondeni karibu na mto, penye majani marefu. Bonde lile nililiogopa kwa mwili wote. Fisi walikuwa wamemla ndama wa jirani pale pale, mchana, na msichana aliyekuwa akimchunga aliyasimulia mambo kwa namna ya kunitoa usingizi. Majani yakitikisika, mimi nilisikia pumzi. Mara mbili mkojo ulinitoka nimesimama. Sikumwambia mtu, maana kwetu mchungaji mwoga, hata akiwa msichana, huchekwa mpaka aolewe.

Basi nikafikiria kwa kichwa changu kidogo. Mwisho wa kiwanja ulikuwa hatua chache kutoka kwetu. Majani yalikuwa mafupi, fisi angeonekana akiwa mbali, na sauti ya mama akitwanga ilinifikia. Baba kila saa tisa alikwenda kijiweni kwa Masanja kucheza bao. Tatizo lilikuwa ndama wenyewe, hawakukaa. Walitawanyika, wakakimbilia katikati ya kiwanja, na mimi na miguu yangu miwili sikuweza kuwazuia saba.

Anayefuga anajua dawa yake. Jikoni kwa mama kulikuwa na debe la chumvi ya ng'ombe, ile ya mawe, ya kijivu. Nikachota viganja viwili, nikaisaga kwa jiwe, nikaimwaga mwisho wa kiwanja, mahali pa ukubwa wa mkeka. Ndama wakakusanyika wakalamba mpaka jua likainama, na mimi nikakaa kwenye jiwe la chokaa nikijisuka nywele. Sijawahi kuwa na mchana wa amani kama ule. Kesho yake nikaongeza. Na kesho kutwa.

Mvua ikanyesha, chumvi ikayeyuka ikaingia ardhini. Hapo ndipo kosa langu lilipokua, na mimi nikaliangalia likikua. Ndama wakaanza kulamba udongo. Siku nyingine walipochanganyika na mama zao, wakawavuta huko huko. Ng'ombe jike mmoja mweupe wa kwetu, tuliyemwita Sabuni, alipaonja mara moja na hakupasahau tena. Anakoenda Sabuni kundi linakwenda, na anakoenda kundi la kwetu ng'ombe wa majirani wananusa nyayo. Baada ya wiki mbili mwisho wa kiwanja ulikuwa umelambwa mpaka ukawa na mashimo, na kila jioni baba alifukuza ng'ombe mpaka sauti ikamkauka. Walikwenda hatua ishirini, wakageuka.

Siku moja nilimwona amepiga magoti pale, peke yake. Alichukua udongo kwa kidole, akauweka ulimini. Kisha akageuza uso akatazama moshi wa jiko letu. Nilidhani anaomba. Kesho yake alianza kulima pale kwa jembe na kubeba udongo kwa toroli, akisema anasawazisha. Alikuwa bado hajafika hata nusu mvua kubwa ilipokuja.

Ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Mto ukapanda, daraja likaenda. Kila mtu alifungia ng'ombe wake zizini, wakalia njaa. Asubuhi ya siku ya tatu, mama, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minane, aliinuka kwenye kigoda akaanguka. Niliona damu kwenye kanga yake. Nesi alikuja akamkagua, akatoka nje uso umebadilika. Alipanda juu ya kichuguu, kulikokuwa na mtandao, akapiga simu Mwanza. Aliporudi alimwambia baba kwa sauti ndogo kwamba ndege inakuja, na kwamba isipofika mchana huu asitegemee kitu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia kila neno.

Baba alivaa koti lake. Wanaume wanne wakamlaza mama kwenye machela iliyofungwa kwa kamba za mkonge, wakamfikisha kwenye benchi. Jua lilikuwa limetoka, majani yanatoa mvuke. Na kwa kuwa jua limetoka, kijiji kizima kikafungulia ng'ombe.

Sikuwa nimewahi kuona ng'ombe wengi vile wakienda mahali pamoja bila kuchungwa. Walitoka kila upande, wenye njaa ya siku mbili, Sabuni mbele, wakashuka moja kwa moja mpaka mwisho wa kiwanja. Walipokosa nafasi kwenye mashimo wakajaa nyuma yake, wakasukumana, wakatapakaa kiwanja kizima mpaka kwenye nguzo ya upepo. Baba aliingia na baiskeli. Masanja na wanaume wakaingia na fimbo. Ng'ombe walipigwa, wakakimbia kidogo, wakarudi wakipita pembeni mwa watu. Nikasikia mtu akiuliza wana nini leo, wamerogwa?

Kisha ukaja mlio. Mlio wa ndege ndogo kwanza huusikii, unauhisi kifuani. Ikatokea juu ya mto, nyeupe, ikapita chini kiasi kwamba niliona magurudumu. Baba alikuwa amesimama katikati ya ng'ombe. Mke wake alikuwa kwenye machela, na yeye akainua kitambaa chekundu.

Nimeona mambo mengi tangu hapo, lakini mkono ule ukipanda bado nauona nikifumba macho. Hakutetemeka. Ndege ikapaa ikaanza kuzunguka.

Nilijua. Kati ya watu wote wale nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua kwa nini hawaondoki. Nilimwogopa baba kuliko fisi. Fimbo yake ilikuwa imewahi kulaza kaka yangu siku mbili kwa kosa dogo zaidi. Nikajiambia wataondoka wenyewe. Nikajiambia mzunguko wa pili watakuwa wameondoka. Ndege ikarudi mara ya pili na kitambaa kikapanda tena, chekundu. Nikamtazama mama. Alikuwa ameuma upindo wa kanga, macho yake yanaifuata ile ndege.

Nilikimbia. Nilipita chini ya matumbo ya ng'ombe mpaka nikashika koti la njano.

"Tata, ni chumvi. Niliimwaga mimi."

Aliniinamia. Nilifunga macho nikingoja kofi, na kofi halikuja.

"Iliyobaki iko wapi?"

"Kwenye debe. Jikoni."

"Kalilete. Waite, uwapeleke bondeni. Wanakufahamu wewe."

Bondeni. Hakujua alilokuwa akiniambia, au alijua. Nilikwenda mbio mpaka jikoni, nikalibeba lile debe, zito, lina chumvi karibu nusu yake. Nilirudi ukingoni mwa kiwanja nikaokota kijiti nikaligonga ubavuni, vile mama alivyokuwa akigonga siku za kuwapa chumvi. Ko, ko, ko. Sabuni aliinua kichwa. Nikamwaga kiganja kimoja chini, nikarudi nyuma, nikagonga tena. Akaja. Nyuma yake wakaja wawili, kisha ishirini, kisha nikaacha kuhesabu nikageuka nikakimbia.

Wasomaji wangu, kama hamjawahi kukimbizwa na ng'ombe wanaopenda mlichobeba, mshukuruni Mungu. Ardhi ilikuwa ikitikisika. Kwato zilinirushia matope mgongoni, pumzi zao nilizisikia shingoni, zikinuka majani yaliyochacha. Nikijikwaa nimekwisha. Mbele yangu yalikuwa yale majani marefu, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba fisi wamelala humo wakinitazama. Niliingia nikiwa nalia kwa sauti, naligonga debe, na chumvi inamwagika njia nzima. Karibu na mto nikalipindua lote. Ng'ombe wakanizunguka. Sabuni akanikanyaga mguu wa kushoto, kucha ikatoka, na mpaka leo haijaota sawasawa. Nilikaa chini katikati ya miguu ile, debe tupu kichwani kuzuia pembe.

Nikiwa chini ya debe nilisikia mlio ukija mara ya tatu. Haukupanda. Ulishuka, ukagusa, ukanguruma, ukanyamaza kidogo, kisha ukaanza tena na kupaa na kuondoka. Mama aliondoka hivyo. Sikumwona akipandishwa.

Niliporudi nikichechemea, kiwanja kilikuwa kitupu, na michirizi miwili ya magurudumu kwenye matope. Baba alikuwa kwenye benchi peke yake, anakunja vitambaa vyake vizuri, chekundu na cheupe, pembe kwa pembe. Nilisimama mbele yake. Alitazama mguu wangu.

"Nenda kaoshe hicho kidonda," akasema.

Wiki ile wakubwa wa ndege walikuja kuuliza nani aliharibu kiwanja. Nilikuwa mlangoni. Baba alivua kofia akasema alimwaga chumvi yeye, kuua majani. Alisikia mahali kwamba chumvi inaua majani. Walitazamana. Wakaandika, wakaondoka na lile koti la njano, na kazi ikapewa mtu mwingine.

Kijiji kilicheka mwaka mzima. Mkurya gani anamwaga chumvi kisha anashangaa kuona ng'ombe? Masanja alisema hata kwao Shinyanga mtoto wa miaka mitano asingefanya hivyo, na jina la Mkurugenzi likafa, likazaliwa Marwa Chumvi. Baba alisikia watu wakimwita hivyo vilabuni, na wakati mwingine alicheka nao. Sikuweza kumtazama. Kila siku nilingoja kipigo changu. Alipoinua mkono kuchukua fimbo ya kuchungia, mimi niliruka. Kungoja kipigo kisichokuja ni adhabu nisiyomwombea mtoto yeyote.

Mama alirudi maji yaliposhuka, amekaa nyuma ya pikipiki, mikono mitupu. Mtoto alikuwa mvulana, walimzika Mwanza. Majirani walikuwa wamejaa uani kumpa pole, na mbele yao wote mama alimtazama baba akasema, "Chumvi yako imeniulia mwanangu." Watu wakainamisha vichwa. Nilikuwa ndani, nimeshika nguzo ya mlango, nikimngoja baba afungue mdomo aseme ni Gati. Alisema, "Ni kweli." Akatoka akaenda kwa ng'ombe.

Na mama hakuacha. Ugali ukizidi chumvi, alitupa neno. Watoto wa wenzake ambao wangelingana na yule wa kwetu walipoanza shule, alitupa neno. Baba alimeza yote. Mimi nilikua, nikasoma, nikaolewa Tarime, na kila nilipokwenda kuwasalimu, nikishasema shikamoo, moyo ulinipiga mpaka nilipohakikisha kwamba bado hajasema. Mizunguko miwili ile ya ndege ilikuwa dakika ngapi, sijui. Sijawahi kumuuliza daktari yeyote kama dakika hizo zingetosha. Naogopa jibu lolote kati ya yale mawili.

Baba alifariki msimu uliopita, kwa ugonjwa wa uzee. Msibani wazee walimkumbuka kwa wema, kisha mmoja akagusia chumvi, na uani kukawa na kicheko kile cha watu waliochoka kulia. Nilishindwa kula.

Wageni walipoondoka tulibaki mama na mimi, tunasugua sufuria kubwa kwa majivu. Nilimwambia bila kumtazama. Nilimwambia chumvi niliimwaga mimi, kwa kuogopa fisi, na baba alinifichia. Mikono yake haikusimama.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu siku ile. Ananipandisha kwenye ndege, akaniambia, ni Gati, ana miaka tisa. Ukirudi nilaumu mimi. Nilaumu mbele ya watu, wasije wakamtazama yeye."

Akamwaga maji, akaongeza majivu.

"Nikafanya alivyoniomba. Siku nyingine nilisahau kwamba ameniomba, nikamlaumu kwa moyo wote. Naye alinyamaza vile vile."

Akanipa sufuria niisuuze. Nilisimama nayo, maji yananidondokea kwenye ule mguu wa kushoto. Miaka yote ile niliogopa kwamba baba atasema, na katika nyumba yetu mimi peke yangu ndiye niliyedhani kuna siri.